Zinawaka, Zinagoma: Kusaka Hitilafu ya Taa za Breki Kabla ya Mteremko wa Kanama

Barabara ya Kigali kwenda Rubavu, ikishapita Musanze na Mukamira, huanza kulitafuta Ziwa Kivu. Dereva anayepita Mahoko, penye soko la Kanama, anajua kwamba kuanzia hapo hadi Gisenyi mguu wake hautakaa mbali na breki. Mbele kuna kona, kuna watu wanaovuka, kuna baiskeli zilizobeba magunia ya viazi na malori yanayopanda polepole. Nyuma kuna dereva mwingine ambaye habari za mguu wako anazipata kwa taa nyekundu tu. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari hupita karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo taa zikigoma kwa sekunde moja, aliye nyuma amekwishasogea mita 17 bila kujua kwamba unasimama.

Taa iliyokufa kabisa haisumbui: unabadilisha balbu, unaondoka. Inayosumbua ni ile inayowaka asubuhi, inagoma mchana, na ukiifikisha kwa fundi inawaka tena, kama mgonjwa anayepona akifika mlangoni pa hospitali. Hata ukaguzi wa lazima unaosimamiwa na Polisi ya Rwanda hauwezi kuikamata ikiwa siku hiyo imeamua kuwaka. Wengi hubadilisha balbu, kisha swichi, kisha fyuzi, na wiki ijayo hitilafu inarudi.

Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Hitilafu ya kuja na kuondoka haiji ovyo. Kuna hali inayoileta: mtikiso, joto, maji, au namna pedali inavyokanyagwa. Tafuta hali hiyo kwanza. Ukishaijua, kifaa kilichoharibika hujitaja chenyewe.

Vifaa vya kuwa navyo

- Mita ya umeme ya bei ya kawaida, inayosoma volti na ukinzani.
- Taa ya kupimia: balbu ya wati 21 iliyofungwa waya mbili zenye klipu.
- Waya ndefu ya kutoka betri hadi nyuma ya gari.
- Bisibisi, koleo, kisu cha kumenyea waya na msasa laini.
- Dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme, na grisi kidogo.
- Fyuzi za akiba zenye ampia zilezile zilizoandikwa kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi.
- Chupa ya kupuliza maji, kipande cha mti cha kukandamizia pedali, na simu yenye kamera.

Usalama kwanza

Eneo lote hili ni la miinuko. Tafuta sehemu tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, na zima injini. Magari mengi huwasha taa za breki hata ufunguo ukiwa mfukoni. Baadhi ya magari ya Ulaya huhitaji swichi ya funguo iwashwe. Usichome sindano wala taa ya kupimia kwenye plagi za rangi ya manjano zilizo chini ya usukani, kwa sababu mara nyingi ni za mifuko ya hewa. Usiingize kichwa chini ya dashibodi huku mtu mwingine akichezea pedali bila kukuambia.

Ijue njia ya umeme

Katika magari mengi njia ni fupi. Umeme hutoka betri, hupita kwenye fyuzi, huingia kwenye swichi iliyo juu ya pedali, hurefuka kwa waya hadi nyuma, huingia kwenye soketi na balbu, kisha hurudi betri kupitia bati la gari. Njia hiyo ya kurudi ndiyo ethi. Mafundi wengi wa Gisenyi na Goma huiita masi.

Balbu moja ya breki kwa kawaida ni ya wati 21. Gari lenye taa tatu za namna hiyo hutumia zaidi kidogo ya ampia 5 kila unapokanyaga. Si umeme mwingi, lakini unatosha kuunguza polepole kiungo kilicholegea.

Magari mapya hutofautiana kidogo. Kwa baadhi yao, swichi hupeleka taarifa tu kwa kompyuta ya gari, na kompyuta ndiyo inayowasha taa. Humo tumia mita peke yake, kwa kuwa taa ya kupimia inaweza kuvuta umeme mwingi kuliko waya ile inavyostahimili.

Hatua ya 1: Andika hali kabla ya kushika bisibisi

Kwa siku kadhaa, kila taa zinapogoma, andika mambo haya kwenye daftari:

- Ni taa ipi: kushoto, kulia, ya juu katikati, au zote?
- Gari lilikuwa baridi, au limetoka kwenye mteremko mrefu?
- Kulikuwa na mvua, ukungu, au gari limeoshwa karibuni?
- Barabara ilikuwa ya lami au ya mashimo? Gari lilikuwa na mzigo?
- Mlango wa nyuma au buti lilifunguliwa muda mfupi kabla?
- Taa ndogo au indiketa zilikuwa zimewashwa?
- Ulikanyaga kidogo au ulikanyaga kwa nguvu?

Ukiwa peke yako, rudisha gari karibu na ukuta jioni na utazame mwanga kwenye kioo. Au simamisha simu juu ya jiwe nyuma ya gari, iache irekodi, kisha kanyaga na kuachia pedali mara nyingi. Video itakuonyesha taa iliyochelewa nusu sekunde, jambo ambalo msaidizi aliyesimama nyuma huenda asiligundue. Kama gari ni la abiria, muulize pia kondakta. Ukimwambia, "Kaka, ukishuka kituoni tazama taa ya kushoto," atakuletea majibu mengi kwa siku moja.

Hatua ya 2: Soma dalili, punguza eneo

*Taa zote tatu zinazima na kuwaka pamoja.* Hitilafu iko kabla umeme haujagawanyika: fyuzi na makazi yake, swichi, au plagi iliyo karibu na pedali. Usipoteze muda kwenye balbu.

*Taa moja tu ndiyo inayogoma.* Tafuta upande ule: balbu, soketi, plagi ya taa, au ethi ya upande huo.

*Taa ya juu inagoma, za chini ni nzima.* Ikiwa taa hiyo imefungwa kwenye mlango wa nyuma, shuku waya zinazokunjwa kwenye bawaba.

*Ukikanyaga breki, indiketa inabadilika mwendo au taa ndogo zinafifia.* Hiyo ni ethi mbovu. Umeme ukikosa njia ya kurudi hutafuta njia kupitia balbu za jirani.

*Taa zinabaki zinawaka hata pedali ikiachiwa.* Ni swichi, marekebisho yake, au kipande cha plastiki kwenye pedali.

*Fyuzi inaungua mara moja moja.* Kuna shoti, yaani waya yenye umeme inagusa bati mahali fulani gari likitikisika.

Kuna dalili nyingine iliyo mbali na taa. Kwenye magari mengi ya gia za kujiendesha, swichi ya breki ndiyo inayoruhusu gia itoke kwenye P. Ikiwa siku taa zinapogoma gia nayo inakataa kutoka, umekwisha kupata mshtakiwa wa kwanza.

Hatua ya 3: Ilazimishe hitilafu itokee, kabla hujachomoa chochote

Hapa ndipo wengi hukosea njia. Wakifika tu huchomoa plagi, huipuliza, huirudisha. Pini zilizoshika kutu husuguana wakati wa kuchomoa, hung'aa kidogo, na taa huwaka wiki nzima. Hitilafu imejificha bila kujulikana ilikuwa wapi. Kwa hiyo acha kila kitu kilivyo, kandamiza pedali kwa kipande cha mti kilichoegemezwa kwenye kiti ili taa zibaki zinawaka, kisha anza kuchokoza.

*Mtikiso.* Gonga kioo cha taa kwa kiganja. Fungua na ufunge buti. Vuta polepole kila fundo la waya unaloweza kulifikia, ukianzia nyuma kwenda mbele, sehemu moja kwa wakati. Tikisa plagi ya swichi juu ya pedali. Taa ikipepesa, simama hapo hapo.

*Maji.* Kama daftari lako linasema mvua, pulizia maji kidogo kwenye ukingo wa taa, kisha kwenye mpira wa mlango wa nyuma, kisha kwenye plagi za chini ya gari. Subiri dakika chache kila sehemu. Usimwage ndoo nzima. Utalowesha kila kitu na hutajua kilichosababisha.

*Joto.* Kama daftari linasema mteremko, acha taa zikiwaka dakika 10 hadi 15, kisha gusa kwa uangalifu swichi, makazi ya fyuzi na soketi. Kiungo chenye joto kuliko wenzake kina ukinzani usiostahili kuwepo.

*Namna ya kukanyaga.* Ondoa mti, kanyaga polepole sana kwa kidole cha mkono. Kisha kanyaga haraka. Kisha kanyaga hadi chini. Taa zikiwaka katika mojawapo tu ya namna hizi, swichi au marekebisho yake yana kasoro.

Hatua ya 4: Balbu na soketi

Toa balbu ya upande unaogoma uitazame dhidi ya mwanga. Uzi uliokatika unaweza kuwa unagusana na kuachana. Gonga kioo kwa kucha utazame kama unacheza. Balbu ya nyuzi mbili, ile yenye wati 21 za breki na wati 5 za taa ndogo, huleta vituko uzi mmoja ukikatika na kuuangukia mwenzake: unakanyaga breki, taa ndogo za gari zima zinawaka.

Balbu hizo za nyuzi mbili za aina ya kuzungusha zina vijiti viwili vya pembeni visivyolingana kimo, ili zisiingie kinyume. Kuna watu huzilazimisha. Zikiingia kinyume, taa ndogo inang'aa sana na breki inawaka kwa unyonge, hivyo aliye nyuma haoni tofauti.

Kisha chunguza soketi. Plastiki iliyobadilika rangi kuwa kahawia, pini iliyozama, springi iliyolegea, unga mweupe au wa kijani: kila kimoja chatosha kukata umeme gari likitikisika. Safisha kwa msasa laini na dawa ya kupuliza, inua pini kwa ncha ya bisibisi ndogo. Soketi iliyoyeyuka haitengenezeki, badilisha.

Ukitaka kuweka balbu za LED, kumbuka kwamba huwaka takriban sehemu mbili za kumi za sekunde mapema kuliko balbu za uzi, na kwa kilomita 60 kwa saa hiyo ni mita 3 za ziada kwa aliye nyuma. Lakini usiziweke ili kutibu hitilafu. Zinatumia umeme kidogo mno kiasi kwamba zinaweza kuwaka kupitia kiungo kibovu na kukifunika kwa muda.

Hatua ya 5: Fyuzi na makazi yake

Fyuzi ya taa za breki mara nyingi huandikwa STOP. Usiishie kuitazama; itoe uone miguu yake. Mguu uliobadilika rangi au ulioungua pembeni unaonyesha kwamba makazi yake yamelegea. Irudishe: ikiingia bila kushikwa, ndio ugonjwa wenyewe. Makazi yanaweza kubanwa kidogo kwa koleo jembamba baada ya kufungua betri.

Kama fyuzi inaungua mara kwa mara, usiongeze ampia na usifunge waya wala karatasi ya sigara. Tumia mbinu hii: toa balbu zote za breki, toa fyuzi, kisha unganisha ile taa ya kupimia ya wati 21 kwenye matundu mawili ya fyuzi. Kandamiza pedali. Kwa kuwa balbu hazimo, taa ya kupimia haipaswi kuwaka. Sasa tikisa waya, fungua na ufunge milango, zungusha usukani. Pale taa ya kupimia inapowaka kwa nguvu, waya imegusa bati. Unaweza kurudia jambo hili upendavyo bila kuunguza fyuzi hata moja. Ukimaliza, rudisha balbu na fyuzi yenye ampia zilezile.

Hatua ya 6: Swichi ya breki

Lala chali utazame juu ya pedali kwa tochi. Utaona swichi ndogo yenye kitufe kinachosukumwa na mkono wa pedali. Pedali ikiwa juu, kitufe kimebanwa na taa zimezima; ukikanyaga, kitufe kinatoka na taa zinawaka.

Kwanza tazama zulia. Vipande vya plastiki vilivyovunjika, vya rangi ya chungwa, kijani au nyeupe, mara nyingi ni mabaki ya kizuizi kilichokuwa kwenye pedali, kile kinachokibana kitufe. Kwenye magari mengi ya Kijapani na Kikorea kizuizi hicho hukauka kwa umri na kupasuka. Kikitoka, kitufe kinapenya kwenye tundu lake, taa hazizimi, na betri inakufa usiku. Kizuizi kipya ni kitu cha bei ndogo. Usiache bolti iliyofungwa kwa haraka mahali pake kwa miezi.

Sasa pima kwa mita. Weka volti za DC. Swichi yenye waya mbili ni rahisi. Yenye waya nne, chagua jozi ya taa, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye waya nene. Ingiza ncha za mita kwa nyuma ya plagi bila kuichomoa.

- Pedali ikiwa juu, mita isome karibu volti za betri, yaani 12.4 hadi 12.7 injini ikiwa imezimwa. Hiyo inathibitisha kwamba umeme unafika na kwamba njia ya kupitia balbu hadi ethi iko. Ikisoma sifuri, ama umeme haufiki, ama njia imekatika mbele ya swichi.
- Pedali ikikanyagwa, mita ishuke hadi karibu sifuri, chini ya volti 0.2.
- Kanyaga na kuachia mara nyingi. Ukiona 0.1, kisha 2, kisha 0.1 tena, viungo vya ndani vya swichi vimeungua.

Ukiifungua swichi ya namna hiyo, ndani utakuta vipande viwili vya shaba ambavyo vingepaswa kung'aa, lakini katikati vina doa jeusi lenye shimo dogo. Kila kukanyaga kunapiga cheche ndogo mahali palepale. Kwa gari linaloshuka Kanama na kupanda kila siku, doa hilo linakuja mapema. Kusafisha kwa msasa kunasaidia kukufikisha nyumbani tu. Nunua swichi mpya.

Jihadhari na marekebisho. Swichi nyingi zina nati ya kuzisogeza mbele na nyuma. Taa ziwake mwanzoni kabisa mwa safari ya pedali, kabla breki hazijashika. Lakini usiisukume swichi ndani hadi ikazuia pedali kurudi juu: breki zitabaki zinasugua, zitapata moto, na kwenye mteremko ndipo zitakapokuangusha. Ukishafunga, inua pedali kwa mkono uhakikishe imerudi hadi mwisho, kisha endesha kilomita chache ukaguse rimu. Zisiwe na joto lisilo la kawaida.

Hatua ya 7: Ethi

Funga waya ndefu kwenye ncha hasi ya betri uipeleke nyuma. Unganisha upande mmoja wa mita kwenye waya hiyo na upande wa pili kwenye ganda la balbu au pini ya ethi ya soketi, taa ikiwa imewashwa kwa breki. Ethi nzima husoma chini ya volti 0.2. Ikisoma volti 1 au zaidi, umeme unahangaika kurudi.

Pima taa ikiwa inawaka, si ikiwa imezimwa. Waya yenye nyuzi 20 ambazo 19 zimekatika itaonyesha ukinzani mzuri kabisa kwenye mita, kwa sababu mita hutumia umeme mdogo sana. Mzigo wa balbu ndio unaoifichua.

Fuata waya ya ethi hadi bolti yake, mara nyingi ndani ya buti nyuma ya taa au chini ya zulia. Fungua, kwangua rangi na kutu hadi bati ling'ae, safisha jicho la waya, kaza kwa nguvu, kisha paka grisi juu yake ili maji yasirudi. Grisi ije baada ya kukaza.

Upande wa umeme unaokwenda pima vivyo hivyo: kutoka ncha chanya ya betri hadi pini ya breki kwenye soketi, taa ikiwaka. Zaidi ya nusu volti ni dalili ya kiungo kibovu njiani. Rudi nyuma plagi kwa plagi hadi pale tarakimu inaposhuka ghafla. Hitilafu iko kati ya vipimo hivyo viwili.

Hatua ya 8: Waya zinazokunjwa na maungio ya barabarani

Kwenye magari yenye mlango wa nyuma wa kuinuka, vuta mpira unaofunika waya kati ya bodi na mlango. Nyoosha kila waya kwa vidole. Iliyokatika ndani inanyooka kama mpira, kwa kuwa kinachoishikilia ni plastiki ya nje tu. Ukiimenya hapo utaona nyuzi za shaba zimekatika zote mahali pamoja, baadhi zimegeuka unga wa kijani.

Kisha tafuta maungio yaliyofanywa baadaye: waya za tela, za muziki, za kengele, za taa za mapambo. Ungio lililozungushiwa tepu nyeusi linalonata gundi linafaa kufunguliwa, hata kama linaonekana kushika. Chini ya gari, palipo na tope na mawe yanayoruka, tepu haidumu msimu mmoja wa mvua.

Magari yaliyowahi kusimama kwenye maji yana habari yao. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda, na hapa Rubavu mto Sebeya ulifurika. Gari lililoloa huweza kukaushwa, kuoshwa na kuuzwa, lakini maji hupanda ndani ya plastiki ya waya, yakifuata nyuzi za shaba, na kutu huendelea miezi kadhaa baadaye. Ukinunua gari lililotumika, inua zulia la buti: mstari wa tope na pini za kijani vitakuambia mengi kuliko muuzaji.

Hatua ya 9: Tengeneza mara moja, tengeneza vizuri

Fungua ncha hasi ya betri. Kata waya iliyooza hadi ufike kwenye shaba inayong'aa, hata kama ni kurudi nyuma sentimita 10. Ongeza kipande kipya cha unene uleule au zaidi. Bana kwa kiungo cha shaba au ulehemu kwa risasi, kisha funika kwa mpira unaojibana kwa joto. Mahali pa kukunjwa usilehemu, kwa sababu risasi huifanya waya iwe ngumu na itakatika kando yake. Sogeza ungio hadi ndani ya bodi au ndani ya mlango. Mwisho funga waya zisiguse ncha kali wala bomba la moshi.

Hatua ya 10: Rudisha ile hali, uone kama hitilafu itarudi

Taa kuwaka kwenye uwanja wa gereji hakuthibitishi kitu. Fungua daftari. Kama ilikuwa mvua, pulizia maji palepale. Kama ilikuwa mtikiso, pita barabara ya mawe. Kama ilikuwa joto, shuka kutoka Mahoko hadi Gisenyi huku gari lingine likirekodi nyuma yako. Hali ileile ikirudi na taa zikakaa imara, hapo ndipo useme gari limepona. Zikigoma tena, hujapoteza kitu: unajua sehemu zipi ni nzima, na vipimo umeviandika.

Malori na pikipiki

Malori mengi na baadhi ya mabasi hutumia volti 24, kwa hiyo mara mbili ya vipimo vya betri ndiyo ya kawaida. Balbu ya volti 12 ukiiweka humo inaungua papo hapo. Ya volti 24 kwenye gari dogo inawaka kwa ufifi. Penye breki za upepo, swichi huwa inasukumwa na hewa, kwa hiyo tangi lisilojaa linaweza kuchelewesha taa hata waya zikiwa nzima. Pikipiki nyingi zina swichi mbili, ya mkono na ya mguu. Jaribu moja moja. Taa ikiwaka kwa mguu na ikagoma kwa mkono, balbu haina kosa.

Mpaka itakapotengenezwa

Gari lisilo na uhakika wa taa za breki lisishuke mteremko usiku wala kwenye ukungu. Likilazimika kufika gereji, liende mchana, kwa gia ndogo, bila mzigo, huku gari jingine lenye taa nzima likikufuata kwa umbali. Ukifika, usimwambie fundi, "Badilisha swichi." Mpe daftari na video, umwambie: "Fundi, inagoma ikishapata joto, taa zote tatu kwa pamoja, na gia inakataa kutoka P." Kwa sentensi hiyo ataanzia pedalini, naye atakutoza kazi ya saa moja badala ya siku nzima.